Salem ya jukwaani na Salem ya mahakamani: tamthilia ya Miller au karatasi za 1692?

Tarehe 11 Aprili 1692, mjini Salem katika koloni la Massachusetts, mwanamke aitwaye Elizabeth Proctor alisimamishwa mbele ya mahakimu kwa tuhuma za uchawi. Katikati ya mahojiano, binti wa miaka 11 au 12, Abigail Williams, mmoja wa wasichana waliodai kuteswa na wachawi, aliinua ngumi ampige. Mwandishi wa kumbukumbu akaandika alichokiona: ngumi ilipokaribia ilifunguka, mkono ukashuka polepole, vidole vikagusa kofia ya Elizabeth kwa wepesi kabisa, na papo hapo Abigail akapiga yowe kwamba vidole vyake vinaungua.

Ni mistari michache tu. Mwaka 1952 Arthur Miller, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, alikwenda Salem kuzisoma karatasi hizo, na baadaye alieleza mwenyewe kwamba katika tukio hilo ndipo alipoiona tamthilia yake. Mkono ule ulitaka kupiga, lakini ukagusa kama unaobembeleza. Kwa nini? Karatasi hazisemi. Miller akajibu: kwa sababu msichana huyu alilala na mume wa mama huyu. Jibu hilo ndilo likawa uti wa mgongo wa *The Crucible*, iliyopanda jukwaani New York tarehe 22 Januari 1953.

Walimu na viongozi wa vikundi vya maigizo wanaotaka kufanya kazi juu ya Salem huniuliza washike lipi, tamthilia au kumbukumbu za kesi zenyewe. Wengi huuliza kana kwamba upande mmoja ni hadithi na mwingine ni ukweli. Nikivilinganisha vitu hivi viwili huwa natazama jambo jingine: hatia inawekwa begani kwa nani?

Umri wa Abigail, na gharama yake

Miller hakumdanganya mtu. Mwanzoni mwa kitabu aliweka maelezo yake: tamthilia hii si historia kwa maana ya wanahistoria wa vyuoni, baadhi ya watu wameunganishwa kuwa mhusika mmoja, wasichana waliolalamika wamepunguzwa idadi, na umri wa Abigail umepandishwa. Kwenye tamthilia ana miaka 17 na John Proctor yuko katikati ya thelathini. Kwenye karatasi, Proctor ni mzee wa miaka 60 hivi, mkulima mwenye kilabu cha pombe kando ya barabara kuu, na Elizabeth ni mke wake wa tatu. Mtumishi wa nyumba yao hakuwa Abigail. Alikuwa Mary Warren, mwenye miaka 20. Abigail aliishi kwa Mchungaji Samuel Parris, na hakuna hati yoyote inayomwonyesha akiwa na uhusiano wa namna yoyote na Proctor kabla ya kesi.

Kama mtu wa jukwaa, nasema bila kusita kwamba uzushi huu ni kazi ya fundi. Bila zinaa ile hakuna tendo la tatu, pale Elizabeth, mwanamke asiyewahi kusema uongo, anapoulizwa mbele ya jaji kama mumewe alizini. Anasema hapana ili kumsitiri, kumbe mume ameshakiri, na uongo wake mmoja wa upendo unamwangamiza. Bila zinaa ile hakuna pia lile tukio dogo la Amri Kumi, Proctor anapozitaja tisa, akakwama, na mkewe akamkumbusha kwa upole ile aliyoisahau.

Lakini kuna gharama. Ukishaweka mapenzi yaliyokataliwa mwanzoni, Salem yote inapata maelezo: binti alitaka mume wa mtu, akakosa, akachoma kijiji. Nimekaa na vijana wa sekondari baada ya kuisoma tamthilia hii, na sentensi ya kwanza kutoka midomoni mwao ni ileile, "Yule msichana ndiye chanzo." Mtoto wa darasa la sita anabebeshwa vifo vya watu 20!

Karatasi zinasema vingine. Malalamiko ya kwanza rasmi, ya tarehe 29 Februari 1692, yalifikishwa kwa mahakimu na wanaume wazima wanne, akiwemo Thomas Putnam. Kijiji kilikuwa na ugomvi wa miaka juu ya mshahara wa mchungaji na kuni zake. Kaskazini kulikuwa na vita na Wawabanaki, wenyeji wa asili wa huko, na Wafaransa, na waliokimbia huko walijaa Salem na vidonda vyao. Koloni halikuwa na hati yake ya kifalme ya kujiendesha tangu ilipofutwa mwaka 1684, na gavana mpya, William Phips, aliwasili na hati mpya Mei 1692, jela zikiwa tayari zimejaa. Watoto walipiga yowe, lakini wakubwa ndio walioandika, wakakamata, wakahoji na kunyonga.

Tituba

Hapa simshauri mtu aifuate tamthilia bila kufikiri, hasa mwongozaji wa Kiafrika.

Kwa Miller, Tituba ni mtumwa Mweusi wa Mchungaji Parris, kutoka Barbados, na tamthilia inafunguka na taarifa kwamba wasichana walikutwa usiku msituni wakicheza huku yeye akiimba, na damu ya kuku imo. Karatasi za 1692 zinamwita Mhindi, yaani mwenyeji wa asili wa Amerika, na zinamwita hivyo tena na tena. Mchezo wa msituni haumo. Kilichomo ni keki ya unga wa rai (nafaka ya jamii ya ngano) na mkojo wa wasichana wagonjwa, iliyookwa ili alishwe mbwa na mchawi ajulikane. Aliyetoa wazo hilo alikuwa jirani Mwingereza, Mary Sibley, muumini wa kanisa la Parris. Dawa ile ilikuwa ya Kiingereza, na karne zilizofuata zikamgeuza Tituba kuwa Mweusi mwenye ngoma zake.

Nimeona vikundi vikifurahia sehemu hii kwa sababu inawapa nafasi ya ngoma na vazi. Naelewa. Ila tazama kinachotokea: uchawi unaingia Salem kupitia mwili wa mwanamke mtumwa, na Waingereza wanabaki watu waliovurugwa na kitu kutoka nje. Hilo ndilo walilotaka kuliamini wao wenyewe.

Mahojiano yake ya tarehe 1 Machi ni tamthilia tayari. Anaulizwa ana uhusiano na pepo gani mbaya, anajibu hana. Anaulizwa kwa nini anawadhuru watoto, anajibu hawadhuru. Kisha anageuka: Shetani alinijia akaniamuru nimtumikie. Katika siku hizo za mahojiano anawapa kila walichokuja kukitafuta: mtu mrefu aliyevaa nyeusi, ndege wa njano, safari ya angani juu ya fimbo, na kitabu chenye alama tisa za watu waliokwisha kujiunga. Tisa! Wao walikuwa wamekamata watatu tu. Robert Calef, mfanyabiashara wa Boston ambaye kitabu chake juu ya kesi hizi kilichapwa London mwaka 1700, anaeleza kwamba Tituba alisema baadaye bwana wake alimpiga ili akiri. Alikaa gerezani zaidi ya mwaka, mpaka mtu mwingine alipolipa gharama zake za jela. Kwa kukiri, akaishi. Walionyongwa wote 19 walikuwa watu waliokana.

Jambo hili la mwisho Miller amelishika barabara, na namheshimu kwalo. Mahakama inayomsamehe anayekiri na kumuua anayekana itazalisha wachawi wengi kadiri inavyotaka. Miller aliiona mahakama ya namna hiyo kwao: mwaka uleule aliokwenda Salem, rafiki yake Elia Kazan alitaja majina ya wenzake mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowinda wakomunisti. Miller mwenyewe aliitwa mwaka 1956, akakataa kutaja majina, akatiwa hatiani mwaka 1957, na hukumu ikafutwa mwaka 1958.

Jaji mwingine kabisa

Anayetisha kwenye tamthilia ni jaji Thomas Danforth. Danforth wa kweli aliongoza mahojiano yale ya tarehe 11 Aprili, lakini hakuwa mjumbe wa mahakama maalumu iliyonyonga, na alizilaumu kesi zile. Mwenyekiti alikuwa William Stoughton, ambaye hana nafasi jukwaani. Mchungaji John Hale, ambaye kwa Miller anazinduka katikati ya kesi kwa dhamiri yake, kwenye historia aligeuka baada ya mke wake mwenyewe kutajwa, vuli ya mwaka huo. Giles Corey, mshitakiwa mwingine, kwenye tamthilia anakataa kutaja shahidi wake. Wa kweli, mzee wa miaka 80 hivi, alikataa kukubali kuhukumiwa na mahakama ile, akalazwa chini na kurundikiwa mawe hadi akafa, tarehe 19 Septemba. Na Proctor hakufa asubuhi moja na washitakiwa wenzake Rebecca Nurse na Martha Corey, mke wa Giles. Rebecca alinyongwa tarehe 19 Julai, Proctor 19 Agosti, Martha 22 Septemba.

Tofauti hizi za majina na tarehe hazinikoseshi usingizi. Jukwaa lina saa tatu, haliwezi kubeba majaji wote. Linaloniuma ni kwamba kwenye tamthilia hakuna juri, wale wananchi 12 walioapishwa kuamua. Wamefutwa kabisa, na pamoja nao limefutwa tukio ambalo naliona kubwa kuliko lolote la Salem.

Sikio la Rebecca Nurse

Rebecca Nurse alikuwa na miaka 71, bibi wa kanisa, mgonjwa. (Wanawake wa Salem waliitwa "Goody" na jina la mume. Mkitafsiri, wekeni Bi au Mama, masikio ya watazamaji yatatulia.) Juri ilirudi na jibu kwamba hana hatia. Wasichana wakaangua kilio ndani na nje ya mahakama. Ndipo Stoughton akawaambia wananchi wale kwamba hawalazimishi, ila je, wameyatafakari maneno ya mshitakiwa? Maana alipoletwa Deliverance Hobbs, mfungwa aliyekwisha kukiri uchawi, atoe ushahidi, Rebecca alisema maneno yenye maana kwamba huyu ni mmoja wetu.

Juri ikatoka tena, ikashindwa kukubaliana. Ikarudi, na msemaji wake, Thomas Fisk, akamuuliza bibi alimaanisha nini. Rebecca alikuwa amesimama kizimbani. Hakujibu. Wakasubiri, hakujibu. Wakaamua ana hatia.

Baadaye alitoa maelezo yake kwa maandishi. Alimaanisha kwamba Hobbs ni mfungwa mwenzao, basi. Na kuhusu kunyamaza: alikuwa mgumu wa kusikia, amejaa majonzi, na hakuna aliyemweleza mahakama imeyachukuaje maneno yake.

Kwa hiyo swali liliulizwa, bibi hakulisikia, na kimya chake kikahesabiwa kuwa jibu. Jaribuni kuliigiza hili bila kuongeza neno. Hakuna mwovu anayepiga meza, wala msichana mwenye wivu. Kuna swali lililoulizwa kwa adabu, kikongwe asiyesikia vizuri, na watu 12 wanaotazamana. Mwaka 1697 watu 12 waliokaa kwenye juri za kesi hizo walitia sahihi waraka wa kuomba radhi. Mwaka huohuo jaji Samuel Sewall alisimama kanisani ungamo lake likisomwa mbele ya wote.

Miller anatuonyesha Rebecca mwanzoni akiwa mtulivu, na mwishoni akienda kunyongwa. Katikati hatuoni jinsi alivyopatikana na hatia. Ukitaka kuwafundisha watu jinsi mahakama yenye taratibu zake zote inavyoweza kuua, katikati hapo ndipo pa kwenda, na karatasi ndizo zenye njia.

Karatasi nazo zina mkono wa mtu

Nisije nikazipaka rangi. Kumbukumbu za mashauri yenyewe ya mahakama ile maalumu zimepotea. Kilichosalia ni hati za kukamata, mahojiano ya awali, viapo vya mashahidi, mashitaka na maombi ya wafungwa. Mahojiano mengi, yakiwemo ya Rebecca, yaliandikwa na Samuel Parris, yaani mchungaji ambaye maradhi yalianzia nyumbani kwake na ambaye binti yake na mpwa wake walikuwa miongoni mwa walalamikaji. Anapoandika kwamba walioteseka walitetemeka mshitakiwa alipowatazama, haandiki kwamba walijifanya. Anaandika alichokiamini. Mambo ya nje ya mahakama, kama yale ya Tituba kupigwa, mara nyingi tunayapata kwa Calef, ambaye naye alikuwa na ugomvi wake na wachungaji wa Boston.

Tena karatasi hazina mhusika mkuu. Zaidi ya watu 150 walituhumiwa, na ukurasa mmoja unaweza kuwa wa ng'ombe aliyekufa miaka 10 nyuma na jirani anayedai sasa anajua sababu. Mwigizaji kijana atachoka. Atakayevumilia atamkuta Susannah Martin akicheka mbele ya mahakimu, na alipoulizwa kwa nini anacheka, akajibu kwamba ana haki ya kuucheka upuuzi kama ule. Atamkuta Dorothy Good, mtoto wa miaka kati ya minne na mitano, aliyefungwa minyororo gerezani kwa miezi. Atamkuta Mary Easty, ndugu wa Rebecca, akiwaandikia majaji kwamba haombi uhai wake kwa kuwa anajua lazima afe, anaomba tu damu isiyo na hatia isimwagike tena. Hao wote hawamo kwa Miller.

Jambo moja zaidi kwa wanaofanya kazi kwa Kiswahili. Neno "mchawi" litawatangulia jukwaani. Kwa sheria na dini ya Salem, kosa kuu lilikuwa agano na Shetani, kutia alama kwenye kitabu chake. Mtazamaji wetu anaposikia mchawi anafikiria mtu wa kijiji anayeroga kwa dawa, na wengine watawakumbuka bibi zetu wa Usukumani waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyotiwa wekundu na moshi wa jikoni. Tamthilia inapita haraka juu ya tofauti hii. Karatasi, kwa sababu maswali ya mahakimu yamo humo, zinaieleza zenyewe: umetia alama kitabuni? Nani mwingine ulimwona? Kwa watazamaji wetu ningeyaacha maswali hayo yote, hata kama yanarefusha.

Basi uchukue lipi

Kama una waigizaji 20, mwongozaji mzoefu na usiku mmoja wa kumshika mtazamaji asipumue, chukua tamthilia. Haki zake bado zinalindwa (Miller alifariki mwaka 2005), kwa hiyo omba kibali mapema na ukiweke kwenye bajeti. Usikate tendo la tatu. Tituba mtoe kwenye ngoma, mweke jikoni, na umwache aogope. Na kwenye karatasi ya programu, andika kwa herufi zinazosomeka kwamba Abigail wa kweli alikuwa mtoto. Mstari huo mmoja utabadilisha mazungumzo ya watu wakitoka ukumbini.

Kama una darasa, au kikundi cha watu watano na viti vinne, ningekusukuma kwenye karatasi. Maneno ya 1692 hayana mwenyewe wa kumlipa, na dakika 40 zinatosha: Tituba, Rebecca na juri yake, barua ya Easty, kisha Proctor. Ukiweza kuyafanya yote mawili, anza na karatasi. Aliyeanza na tamthilia atakwenda kwenye karatasi kumtafuta kijana mzuri wa miaka 35, na hatampata.

Na Proctor wa kwenye karatasi anahitaji mwigizaji mzuri kuliko wote. Wa Miller anatia sahihi ungamo la uongo, kisha analichana kwa ajili ya jina lake, anatembea kwenda kufa akiwa amejipata. Wa kweli hakukiri hata mara moja. Tarehe 23 Julai, akiwa gerezani, aliwaandikia wachungaji wa Boston akiomba kesi zihamishiwe huko au mahakimu wabadilishwe. Alieleza kwamba mwanawe William alifungwa kamba shingo kwa visigino mpaka damu ikamtoka puani, na angeachwa hivyo saa 24 kama mmoja aliyekuwa na huruma kuliko wenzake asingemfungua. Elizabeth alisalimika kwa sababu alikuwa na mimba. Nyumbani kwao, anasema Calef, mkuu wa polisi wa wilaya alikuja kabla hata hukumu haijatoka. Ng'ombe wengine waliuzwa kwa nusu bei, wengine wakachinjwa na kutiwa chumvi. Bia ikamwagwa, pipa likachukuliwa. Mchuzi ukamwagwa, chungu kikachukuliwa. Watoto hawakuachiwa kitu.

Siku ya kunyongwa alimwomba mchungaji asali naye, akakataliwa kwa kuwa hakukubali kuwa ni mchawi. Akaomba sana aongezewe muda kidogo, akasema hajawa tayari kufa. Hakupewa.